Metronomu ya elektroniki: ipi inafaa nyumba yenye mtoto wa piano na kijana wa dramsi?

Baba wa Wawili (Morogoro)

Habari za leo wakuu. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana nimepitia nyuzi za nyuma na nyingi zinaishia kwenye "nunua yoyote tu".

Nyumbani nina wawili. Binti ana miaka kumi na mmoja, anasoma piano, na mwakani Mungu akipenda atafanya mtihani wa ABRSM (bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki) daraja la tatu. Kaka yake yuko kidato cha tatu na anapiga dramsi kwenye kwaya ya vijana kanisani. Mwalimu wa binti amemwandikia kwenye daftari kwamba skeli zote (zile noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio) zifanyiwe mazoezi na metronomu, yaani kifaa kinacholia mapigo kwa kasi unayoichagua. Hadi sasa tunatumia programu ya bure kwenye simu ya mama yao. Inafanya kazi, ila simu ikiita mazoezi yanakatika, tangazo likitokea mtoto analibonyeza, na ukirudi sebuleni unakuta piano imenyamaza na video inaendelea.

Kwa hiyo nataka kifaa chenyewe, cha betri, kisichofanya kazi nyingine. Nimeangalia mtandaoni nikachanganyikiwa. Kuna vya mfukoni vyenye kioo, vya kuzungusha duara, vilivyounganishwa na tuna ya gitaa (ya kupimia sauti ya nyuzi), na vikubwa vya wapiga dramsi ambavyo bei yake inakaribia kinanda kidogo. Je, kimoja kinaweza kuwatosha wote wawili? Na ni sifa zipi ninazopaswa kuzilipia, zipi niziache?

Natanguliza shukrani.

---

Kapuku Mtulivu (Dodoma)

Mkuu, programu za simu zinatosha kabisa na nyingi zina uwezo kuliko kifaa cha dukani. Weka simu kwenye hali ya ndege, hakuna simu itakayoingia wala tangazo litakalopakuliwa. Kama kuna simu ya zamani isiyo na laini, iwekee programu moja tu na iwe ya mazoezi. Hela hiyo ongezea ada ya mwalimu.

---

Mwalimu wa Noti (Arusha)

Nafundisha piano na nadharia, kwa hiyo nitajibu upande wa binti kwanza. Wapiga dramsi watakuja kusema yao.

Alichosema Kapuku kuhusu simu isiyo na laini ni ushauri mzuri na nitaurudia mbele. Ila kwa mtoto wa umri huo mimi napendelea kifaa cha peke yake, na sababu yangu ni wakati unaopotea. Mtoto anapofanya skeli anabadilisha mwendo mara nyingi sana: anaanza polepole, anapandisha kidogo, anakosea, anarudi chini. Kila badiliko likihitaji kufungua kioo cha simu, kuingiza namba ya siri na kutafuta kitufe, ataacha kubadilisha. Atakaa kwenye mwendo mmoja ambao hauwezi, na ataurudia na makosa yake hadi vidole viyazoee. Kifaa chenye gurudumu au vitufe viwili vya juu na chini kinamwezesha kushuka kwa kugusa tu, huku mkono wa pili uko kwenye piano.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia dukani. Washa, halafu jaribu kutoka mapigo 60 hadi 92 kwa dakika kwa mkono mmoja bila kukinyanyua. Ukishindwa wewe, mtoto atashindwa zaidi.

La pili ni hatua za namba. Metronomu za kuzungusha duara, kama Seiko SQ50-V ambayo imekuwepo miaka mingi, zinafuata ngazi ya zamani ya Maelzel: kutoka 40 hadi 60 unapanda kwa mbili mbili, hadi 72 kwa tatu tatu, hadi 120 kwa nne nne, hadi 144 kwa sita sita, kisha nane nane hadi 208. Jumla hatua 39. Ni rahisi mno kutumia na mwanga wake unaonekana vizuri. Lakini ukitaka 85 huipati, unachagua 84 au 88. Kwa vitabu vya piano hilo si tatizo kubwa, kwa sababu namba nyingi za kwenye noti zenyewe zimetoka kwenye ngazi hiyo tangu enzi za metronomu ya mbao, Maelzel alipoisajili mwaka 1815. Kwa mtu anayepandisha kidogo kidogo, pigo moja moja, chukua yenye kioo cha namba.

La tatu, na hapa ndipo ningeweka pesa, ni kugawanya pigo. Metronomu inayolia mara moja kwa kila pigo inamwambia mtoto kwamba amefika kabla au baada, lakini haimwambii amepotelea wapi katikati. Akiweza kusikia nusu za pigo, au theluthi zake, anagundua mara moja kwamba noti ya tatu ndiyo anayoikimbiza. Vifaa vidogo vya siku hizi vina hiyo. Korg MA-2 kwa mfano unachagua mapigo kuanzia 0 hadi 9 kwa kila bari (kundi moja la mapigo kwenye noti), na unaweza kugawanya pigo kwa mbili, tatu au nne. Ukiweka 0 mapigo yote yanalia sawa bila mkazo, na kwa skeli hivyo ndivyo ninavyotaka.

Sasa jambo linalowachanganya wazazi wengi. ABRSM wanachapisha jedwali la mwendo wa chini wanaoupendekeza kwa skeli za kila daraja. Ukilisoma, usiangalie namba peke yake, angalia noti iliyochorwa kabla ya namba. Ikiwa ni minimu sawa na 60, kwa krocheti (noti yenye urefu wa nusu ya minimu) hiyo ni 120. Mtoto akiweka 60 akapiga krocheti moja kwa kila mlio, yuko nusu ya mwendo unaotakiwa na anadhani amefika. Ukinunua kifaa chochote, mkae na mwalimu wake mara moja mliandike hilo kwenye karatasi na kuibandika kwenye piano.

Tuna iliyounganishwa na metronomu, kama Korg TM-60, usiinunue kwa ajili ya piano. Ni nzuri kwa mpiga fidla, gitaa au tarumbeta, maana inaonyesha sauti yako na kulia mapigo kwa wakati mmoja, na kuna toleo lenye maikrofoni ya kubana kwenye ala. Binti wako hatuni piano mwenyewe.

---

Fimbo Mbili (Nairobi)

Hapo kwa kijana wa dramsi nikuambie ukweli ndugu yangu, kifaa cha mfukoni chenye spika ndogo hakitasikika. Hata ukikiweka kando ya haiati (yale matoazi mawili ya kukanyaga). Ile sauti yake ya "bip" ni nyembamba na ya juu, na matoazi yanaifunika kabisa. Kijana ataishia kupiga polepole na kwa woga ili aisikie, na hayo si mazoezi ya dramsi.

Kwa dramsi lazima sauti iingie masikioni. Kwa hivyo swali la kwanza ni kama kuna tundu la hedifoni. Metronomu nyingi za elektroniki zinalo, lakini nyingine za bei ya chini hazina, angalia kabla hujalipa. La pili ni hedifoni zenyewe. Usimpe zile za kawaida za wazi. Zikiwa wazi, ngoma zinaingia zote, naye atapandisha sauti ya metronomu juu ya kelele hiyo, na hapo masikio yanaumia mara mbili. Mnunulie zile za kufunika sikio lote, zinazozuia sauti ya nje. Kipimo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli tatu muda salama unapungua nusu. Desibeli 100 ni dakika kumi na tano tu, na dramsi kwenye chumba kidogo hufika hapo bila shida. Kijana wa kidato cha tatu hatalifikiria hili mwenyewe, mzazi ndiye wa kumfikiria.

Kuhusu kifaa: Boss DB-90 ni kizuri sana kwa dramsi. Kinaenda 30 hadi 250, kina vidhibiti vya kutelezesha kwa kila mgawo wa pigo, yaani unapandisha sauti ya nusu pigo na kushusha ya robo bila kuingia kwenye menyu. Kina sauti ya mtu anayehesabu. Kina programu za kufundishia ndani yake ambazo zinasikiliza unavyopiga na kukuonyesha kama unawahi au unachelewa. Lakini bei yake ni ya juu, na kwa kijana ambaye bado anapiga kwenye kwaya ya vijana mimi singeanza hapo. Simu ya zamani, programu nzuri, hedifoni za kufunika za waya. Pesa nyingi iende kwa hedifoni.

---

Baba wa Wawili (Morogoro)

Nashukuru sana Mwalimu na Fimbo Mbili. Nimeanza kuona kwamba swali langu la "kimoja kwa wote" huenda si sahihi tangu mwanzo.

Fimbo Mbili, umesema hedifoni za waya. Kijana ana za Bluetooth, za kufunika vizuri kabisa. Kuna ubaya gani?

---

Fimbo Mbili (Nairobi)

Za Bluetooth zinachelewesha sauti. Mara nyingi ni kati ya sehemu moja na mbili za kumi ya sekunde, wakati mwingine zaidi. Ukiwa kwenye 120, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hivyo kuchelewa huko kunaweza kufika karibu nusu pigo.

Kwa mazoezi ya peke yake, akiwa anasikia mlio tu na kupiga nao, haina madhara makubwa, kwa sababu mlio wote umesogea sawasawa na yeye anaufuata huo huo. Shida inaanza akiangalia mwanga wa kwenye kioo, mwanga na mlio havikutani. Inazidi akirekodi, na inakuwa kubwa kabisa siku mkiamua wanakwaya wawili watatu wasikilize mlio mmoja, huyu kwa waya, yule kwa Bluetooth. Hapo kila mtu yuko sawa peke yake na nyote mmeachana. Waya unaondoa hayo yote, na bei yake ni ndogo.

---

Mkongwe wa Mwambao (Bagamoyo)

Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme neno, na naomba lisichukuliwe kama dharau kwa mtu.

Mimi nimelelewa kwenye ngoma. Hakuna mzee aliyenifundisha kwa mashine. Ulikaa karibu na mpigaji mkubwa, ukapewa ngoma ndogo ya kushikilia, ukapiga kitu kimoja usiku kucha mpaka mwili ukakijua. Na ngoma haikai mahali pamoja: inaanza taratibu, wachezaji wakipata moto inapanda, na anayepandisha anajua kwa nini anapandisha. Mtoto aliyezoea mlio wa mashine, ukimweka pale anakuwa mgumu. Anasubiri kuambiwa. Hasikilizi wenzake, anasikiliza kile kilicho kichwani mwake.

Sisemi msinunue. Nasema mzazi ajue ananunua nini. Huyo kijana wa dramsi anahitaji mtu wa kupiga naye zaidi kuliko anavyohitaji kifaa.

---

Solo wa Temeke (Dar es Salaam)

Nakubaliana na Mkongwe nusu. Sisi wa dansi tunapiga na wenzetu kila wiki, na bado wimbo unaanza 110 unaishia 126 bila mtu kuamua. Si moto wa wachezaji, ni besi na dramsi wanakimbizana. Kupandisha ukijua na kupanda bila kujua ni mambo mawili tofauti, na la pili wasikilizaji wanalisikia.

Nitaongeza kitu kwa wapiga gitaa wanaosoma huu uzi. Hizo Korg ndogo zina mapigo ya klave (mpangilio wa milio mitano wa muziki wa Kuba) ndani yake, ya son na ya rumba. Wengi wanayapita wakidhani ni mapambo. Muziki wa rumba wa Kongo umelelewa na santuri za Kuba, na ukisikiliza gitaa la kati kwenye nyimbo za zamani unaikuta klave imekaa ndani yake hata kama hakuna anayeigonga. Ukigawa bari kwa vipande 16, klave ya son ya tatu kwa mbili inaangukia kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Ya rumba inasogeza mlio mmoja tu, 1, 4, 8, 11, 13. Weka hiyo badala ya mlio wa kawaida, polepole, kwenye 80 hivi, upige mstari wako wa gitaa juu yake. Utajua ndani ya dakika moja kama mstari wako unakaa au unaelea.

---

Mwalimu wa Noti (Arusha)

Mkongwe, shikamoo. Ulichosema kina uzito na sitaki kukipita haraka, kwa sababu nakiona darasani. Kuna wanafunzi wanaopiga vizuri sana mlio ukiwepo, ukizima wanapotea. Wameifanya metronomu kuwa mpigaji na wao kuwa wafuasi.

Lakini dawa yake imo ndani ya kifaa chenyewe, na ndiyo maana nataka Baba wa Wawili anunue kwa kuangalia jambo hili kuliko yote niliyoyataja jana: kifaa kinaweza kunyamaza kwa kiasi gani?

Namaanisha hivi. Mwanafunzi anaanza na mlio kwenye kila pigo. Akishaweza, unapunguza namba nusu. Kama alikuwa 96, weka 48, na mlio sasa ni wa pigo la kwanza na la tatu peke yake. Kasi yake haijabadilika, ila katikati ya milio miwili ni kazi yake mwenyewe. Akiweza hilo, hiyo hiyo 48 aihesabu kama pigo la pili na la nne. Hapo inakuwa ngumu kidogo, kwa sababu pigo la kwanza halina mtu wa kumshika mkono. Kisha weka 24, mlio mmoja kwa bari nzima. Kwenye 96 bari ya mapigo manne ni sekunde mbili na nusu, na sekunde mbili na nusu za ukimya ni ndefu kwa mtoto. Akirudi kwenye mlio unaofuata na akakutana nao bila kuukimbilia, huyo ana mapigo yake mwenyewe, na ukimpeleka kwenye ngoma yako, Mkongwe, atasikiliza wenzake.

Sasa rudi kwenye ununuzi. Metronomu inayoanzia 40 haikupi 24. Inayoanzia 30 inakupa bari nzima kwa mwendo wa 120 kwenda juu tu. Kwa hiyo usivutiwe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, 250 au zaidi. Karibu hakuna anayeihitaji. Namba ya chini ndiyo yenye kazi. Na programu nzuri za simu zinakwenda mbele zaidi: unaiambia ilie bari mbili, inyamaze bari mbili, ilie tena. DB-90 aliyoitaja Fimbo Mbili nayo ina zoezi la namna hiyo. Hilo ndilo zoezi ambalo ningempa kijana wa dramsi kila siku, na kwa hilo simu inaishinda metronomu ndogo ya mfukoni. Kapuku alikuwa na hoja.

---

Mkongwe wa Mwambao (Bagamoyo)

Marahaba. Hilo la kunyamaza nimelielewa na nimelipenda. Ndivyo mzee alivyokuwa anafanya, anaacha kupiga ghafla katikati anakutazama. Ukiendelea vizuri anarudi, ukiyumba anarudia tangu mwanzo.

---

Kanuni na Udi (Unguja)

Assalaam alaykum. Mimi ni mpiga udi, na kwenye uzi huu wote sijaona mtu aliyegusa mapigo yasiyo ya nne wala tatu. Kwetu Zanzibar, vikundi vya taarabu asilia vimepiga bashrafu na samai tangu zamani, Nadi Ikhwan Safaa wenyewe wapo tangu 1905, na wanaosoma muziki Mji Mkongwe hadi leo hukutana na samai mapema. Samai ina mapigo kumi, yamegawanyika tatu, mbili, mbili, tatu. Sasa ukichukua metronomu ambayo mwisho wake ni mapigo tisa kwa bari, umekwama.

Watu hujaribu kuweka mapigo matano na kuyagawa kwa mbili, wapate kumi. Hesabu inatimia, lakini mkazo hauko mahali pake. Migawanyo ya samai inaanzia kwenye 1, 4, 6 na 8, na milio mikubwa ya tano kwa mbili inaangukia 1, 3, 5, 7 na 9. Ukitoa ile ya kwanza, yote inapingana nawe. Kwa mtu aliyeiva ni zoezi zuri sana. Kwa anayeanza ni kumvuruga.

Ushauri wangu kwa wa udi, kanuni, fidla na nai: kama kifaa chako hakifiki kumi, weka 0, milio yote sawa, na mikazo uiweke mwenyewe kwa mkono. Au tumia programu inayokuruhusu kuchagua mlio upi uwe mzito. Hiyo kwangu ni sifa kuu ya programu za simu, na sijakuta kifaa cha bei ya kawaida kinachoifanya vizuri.

Na kwa chakacha na ngoma zote za sita kwa nane, kosa ninalolikuta kwa vijana ni kuweka mapigo sita. Milio sita sawa inaua mwendo wote. Weka mapigo mawili, gawanya kwa tatu. Tena jaribu jambo hili: kama mapigo mawili yako kwenye 60, bari nzima ni sekunde mbili. Weka metronomu kwenye 90 kwa mapigo matatu, nayo ni sekunde mbili vilevile. Metronomu ipige tatu, wewe piga mbili kwa mguu na rizimu kwa mkono. Muziki wa pwani unaishi humo, kati ya mbili na tatu.

---

Mama Sopranu (Mwanza)

Naomba kuuliza tu, hivi metronomu za elektroniki zinatofautiana kwa usahihi? Kwenye kwaya yetu tunayo ya bei ndogo sana na mwalimu wetu anasema haiaminiki.

---

Mwalimu wa Noti (Arusha)

Mama Sopranu, metronomu ya elektroniki inaendeshwa na fuwele ya kwatzi, kama saa ya mkononi. Hata ya bei ndogo, tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba sikio la mwanadamu haliwezi kuipata. Ya mbao yenye pembe ndiyo inayoyumba: meza ikiwa imeinama unasikia mlio unachechemea, na springi ikikaribia kuisha inalegea.

Mwalimu wako unaweza kumthibitishia mwenyewe. Iweke kwenye 120, washa saa ya kusimamisha kwenye simu, hesabu milio kwa dakika mbili. Inatakiwa iwe 240. Ikiwa sawa, basi tatizo haliko kwenye metronomu.

Kinachotofautiana kweli kati ya bei ndogo na kubwa ni sauti, vitufe na betri. Vitufe vya bei ndogo huacha kuitikia mapema. Na betri, tafadhali fikirieni kabla ya kununua. Ndogo kabisa zinatumia betri ya kidonge, CR2032, ambayo mjini inapatikana lakini ukiwa wilayani unaweza kuitafuta siku nzima. Zile za duara nyingi zinatumia betri ya mraba ya volti 9, na bei yake si ndogo. Betri nyembamba za AAA, zile za rimoti, zipo kila duka la mtaani. MA-2 inatumia mbili za AAA, na kwa mtu wa mkoani hilo peke yake ni sababu tosha.

---

Fimbo Mbili (Nairobi)

Na ujaribu kuzima na kuwasha tena dukani. Ikirudi pale pale ulipoiacha, ina kumbukumbu. Ikirudi kwenye 120 kila mara, kijana atachoka nayo.

Nyongeza moja kuhusu zile za kuvaa mkononi zinazotetemeka bila kulia, kama Soundbrenner Pulse. Nimewaona wapiga besi wanaozipenda kwa sababu masikio yanabaki huru. Kwa dramsi, mkono wenyewe unatetemeka kwa kupiga, mtetemo unapotea. Wengine huivaa mguuni. Zinahitaji kuchajiwa, na mimi kwa mwanafunzi singezipendekeza kama kifaa cha kwanza.

---

Baba wa Wawili (Morogoro)

Wakuu, nimesoma yote na nimekaa na wenyewe wahusika.

Binti nitamchukulia ndogo ya kioo yenye betri za AAA, nitaijaribu kwa mkono mmoja kama Mwalimu alivyosema. Kwa kijana, tuna simu ya zamani ambayo kioo chake kimepasuka kona lakini inafanya kazi. Tumeitoa laini, tumeweka programu moja inayoweza kunyamaza kwa bari, na natafuta hedifoni za kufunika za waya. Tatizo moja: kila baada ya dakika chache simu ikijizima kioo, mlio unakatika. Hilo linatatuliwaje?

Mkongwe, neno lako nimelichukua. Kuna kijana wa besi mtaa wa pili, nimemwomba awe anakuja Jumamosi.

---

Kapuku Mtulivu (Dodoma)

Mkuu, simu nyingi za Android zinaua programu zinazofanya kazi nyuma ili kutunza betri. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, tafuta hiyo programu na uiondolee kizuizi. Halafu ndani ya programu yenyewe angalia kama kuna chaguo la kuacha kioo kikiwaka. Kama simu ina programu ya kuokoa betri iliyokuja nayo, izime kabisa, hiyo simu haina kazi nyingine. Usiisasishe bila sababu na iache kwenye hali ya ndege muda wote.

---

Mwalimu wa Noti (Arusha)

Hapo umemaliza kununua. Kwa binti, wiki ya kwanza usimwekee namba ya mtihani. Mtafutie mwendo ambao anaweza kupiga skeli nzima, mikono miwili, bila kosa hata kama ni 50, na muandike hiyo namba na tarehe. Apandishe mbili mbili, akikosea ashuke nne. Na kabla ya kuanza kupiga, asikilize milio ya bari mbili mikono ikiwa mapajani, aihesabu kwa sauti, ndipo aingie.